Vitumbua Tisa

Kwa miaka 11 mama yangu alipika vitumbua 180 kila siku. Si 170, si 200. Huviuza kwenye kituo cha daladala, Tanga, tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Nilipomuuliza kwa nini 180, alinijibu, "Ndivyo mkono ulivyozoea."

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nadaiwa ada, na nimeanza kusoma somo linaloitwa utafiti wa operesheni. Jina hilo lilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi walipoitwa kulisaidia jeshi kuitumia rada vizuri. Kwa ufupi, ni hesabu za kuamua. Jibu la "mkono umezoea" halikunitosha tena.

Katika somo hilo kuna tatizo la muuza magazeti. Gazeti la leo, kesho ni la kufungia karanga. Akichukua mengi, yatamdodea. Akichukua machache, wateja watamkosa. Achukue mangapi? Mwalimu alipokuwa akilieleza ubaoni, mimi nilikuwa namwona mama na beseni lake.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua faida unayoikosa kitu kimoja kikipungua, uigawe kwa jumla ya faida hiyo na hasara unayoipata kimoja kikibaki. Kitumbua kiliuzwa shilingi 200. Mchele, nazi, sukari, mafuta na mkaa vilikula 120. Kikipungua, mama anakosa 80. Kikibaki, anapoteza 120. Basi 80 kwa 200: 0.4.

Nilimpa daftari. Kwa siku 60 aliandika mauzo yake, na kila mteja aliyefika vitumbua vimekwisha alimchorea kijiti, maana anayeondoka mikono mitupu naye ni mteja. Niliporudi likizo nilizipanga siku hizo, kuanzia ya wateja wachache hadi ya wateja wengi. 0.4 ya 60 ni 24. Siku ya 24 katika mpango wangu ilihitaji vitumbua 150. Mama alikuwa akipika 30 zaidi! Kwa hesabu yangu, akipunguza, faida ingepanda kama shilingi 1,400 kwa siku, na ada yangu ingeanza kulipika.

Mama alilitazama daftari kwa muda. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akapika 150. Baada ya wiki tatu nikakaa kuhesabu, na hesabu ikakataa. Hakuna siku iliyobakisha kitumbua. Vijiti vya waliokosa vilikuwa vimejaa. Ila mauzo hayakupita 141 hata siku moja. Kila siku vilipotea vitumbua tisa.

"Mama, hivi tisa viko wapi?"

"Hivyo si vya kuuza."

Zamani, vilivyobaki alikuwa akiwagawia vijana wa bodaboda wanaoegesha pale kituoni, na mzee mlinzi wa duka la jirani anayemtunzia meza usiku. Mimi nilikuwa nimeviandika chini ya neno "hasara." Nilipoifuta hasara, yeye akaanza kuvitenga tisa kabla ya kufungua biashara, na mteja wa kitumbua cha 142 akaambiwa vimekwisha.

"Usiku ule mdogo wako alipopata degedege," alisema, akiendelea kuosha mchele, "nani alitupeleka hospitali? Nilikuwa na shilingi ngapi?"

Nilikumbuka. Hakuwa na kitu. Kijana yule hakuuliza nauli wakati wa kwenda, na alitusubiri mpaka kulipokucha.

Kwa ajili ya mtihani nilikuwa nimekariri kisa cha vita vya pili vya dunia. Meli za mizigo za Waingereza zilifungwa mizinga ya kupiga ndege, na ripoti zikaonyesha kwamba ni katika mashambulizi 4 tu kwa kila 100 ndege ilipoangushwa. Ikaonekana gharama ya bure. Wachambuzi wakauliza swali jingine: meli yenyewe inapona? Meli zenye mizinga zilizoshambuliwa zilizama kama 10 kwa 100. Zisizo na mizinga, 25. Mizinga haikufungwa kuua ndege, ilifungwa kulinda meli. Kisa hicho nilikijibu vizuri nikapata alama zote, kisha nikaja nyumbani kuhesabu ndege.

Usiku huo nilirudia kazi yangu, safari hii kinyumenyume. Sikuuliza mama apike vingapi. Niliuliza: ikiwa 180 ndiyo idadi sahihi, basi kitumbua kilichobaki kina thamani gani kwake? Mahitaji ya 180 yalikuwa ya siku ya 48 kati ya 60, yaani 0.8. Ili kanuni itoe 0.8, hasara ya kitumbua kilichobaki lazima iwe shilingi 20, si 120. Tofauti ni shilingi 100. Kanuni ilikuwa sawa, na mkono wa mama ulikuwa sawa. Kilichokosewa ni tarakimu moja niliyoiandika mimi bila kumuuliza mwenye biashara.

Ada nililipa kwa mafungu, nikichapa kazi za wanafunzi wenzangu. Mama alirudi kwenye 180.

Asubuhi kabla sijaondoka nilimweleza nilichokipata: kwamba kwa miaka yote hiyo, kila kitumbua alichokigawa alikuwa akikihesabu kwa shilingi 100, hata kama mwenyewe hakujua.

Alikigeuza kitumbua kwenye chuma, akacheka.

"Mia tu? Mwanangu, umeuza rahisi."