Daftari la Mlinzi

Kutoka Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hadi Upanga si mwendo wa kumchosha mtu. Huvuka Barabara ya Morogoro penye kituo cha Fire, akaifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, naye amekwishafika. Kijana mmoja muuza kanga, mwenye miaka 32, anaujua mwendo huo vyema, lakini safari yake huishia langoni. Ghorofa anamokaa binti ampendaye, kwa mama yake mdogo, lina mlinzi, na mlinzi ana daftari: jina, namba ya simu, nyumba uendayo, sababu ya kuja. Mara ya kwanza penye sababu aliandika “mzigo”. Mara ya pili aliirudisha kalamu, akageuka.

Na kazi yake ni kuuza maneno! Wateja humwachia awachagulie jina la kanga: la kumpiga jirani kijembe, la kumshukuru mama, la kumbembeleza mume aliyenuna. Chini ya meza ameweka doti moja ambayo haiuzwi.

Watu wazima husema vijana wa leo wameharibiwa na simu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Simu ndiyo iliyowakutanisha hawa wawili. Binti aliacha namba ili ajulishwe mzigo mpya ukifika. Walichokosa ni mtu wa kati. Mshenga alilibeba neno la mwenziwe, akajua saa ya kulisema na saa ya kulikawiza, na likikataliwa, aibu ilimfika yeye kwanza. Simu hulifikisha papo hapo, kisha huonyesha kwamba limesomwa. (Washenga nao wasisifiwe kupita kiasi: wangapi walirudi na jibu ambalo binti mwenyewe hakuulizwa?) Tena katika mji ambamo matapeli huandika kila siku “ile hela tuma kwenye namba hii”, neno tamu la simuni huanza kwa kutiliwa shaka.

Halafu kuna hesabu. Chumba chake kiko Gongo la Mboto, na mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Duka likifungwa, foleni hula saa zilizobaki. Binti naye ni muuguzi Muhimbili. Zamu zake za usiku huanza wakati kijana anagombea daladala. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa haibatiliki kwa kutotimizwa mila ya mahari. Lakini wajomba hawasomi sheria. Droo ya duka imejaa kadi za michango ya harusi za wenzake. Amechanga zote.

Mteja wake wa siku nyingi, mama wa makamo wa Magomeni, ndiye aliyeiona doti ile.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hii ya nani?”

“Ya mtu, mama.”

“Mwenyewe anajua?”

Kijana akainama, akakunja kanga iliyokwisha kukunjwa.

“Sitakwenda kwa wazee wake,” akasema mama. “Nitamuuliza yeye kwanza. Akisema hapana, utanisikia mimi, si simu.”

Jumamosi alasiri mama huyo alifika langoni Upanga, doti ikiwa kwapani. Mlinzi alisimama, akamwamkia, akamfungulia. Daftari halikuguswa.