Kwa Mjukuu Wangu Aendaye Kilakala

Uyole, Mbeya

Mjukuu wangu mpenzi Neema,

Tumeipokea habari ya kuchaguliwa kwako kuingia kidato cha tano katika shule ya Kilakala, Morogoro, kusoma Fizikia, Kemia na Hisabati, na bibi yako hapiti kwa jirani pasipo kuitaja.

Shule hiyo, pamoja na Msalato ya Dodoma na zile za wavulana kama Mzumbe, Kibaha na Ilboru, imetengwa kwa wenye vipaji maalumu. Walakini usidhani kuna elimu ya siri huko, kwani mtihani wenu wa kidato cha sita ndio huohuo wa nchi nzima. Kilicho tofauti ni watu: darasa limejaa waliozoea kuwa wa kwanza, nami nakuhadharisha kwamba aliyezoea kusifiwa kwa wepesi wa akili aghalabu huona haya kukiri kwamba hakufahamu, hata akahitimu amekariri kanuni asizozijua asili yake.

Mtazame badala yake mmoja asiyeona haya kuuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, na kwa kuwa nafasi katika jokofu ilikuwa haba, akayatia maziwa yake yangali moto, kisha akastaajabu kuyakuta yameganda kabla ya yale ya mwenziwe yaliyoingia baridi. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, kwa majirani zetu wa Iringa, akauliza tena, na swali lake likawa mzaha wa darasa. Lakini aliingia maabara akajaribu kwa maji, na siku Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoizuru shule, akamwuliza lilelile, wenzake wakicheka. Osborne naye alitia shaka, ila aliagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 majina yao mawili yakatokea pamoja katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Wataalamu wangali wanabishana juu ya ithibati ya jambo lile na sababu yake, nami naona kubishana huko ni heshima kubwa kwa swali la mtoto wa shule.

Hata maharage ya Njano Uyole unayoyapenda, yaliyotoka katika kituo chetu cha utafiti, hayakupatikana kwa haraka, bali kwa kupanda, kupima na kupanda tena msimu baada ya msimu.

Kwa hiyo fedha ulizoniomba za tuisheni ya likizo, ili uzitangulie mada za kidato cha sita, sitazitoa sasa. Za vitabu nitazitoa, hata vikiwa ghali, na nauli ya kurudi shuleni mapema, iwapo mwalimu ataridhia mfanye majaribio ya maabara kwa nafasi. Na ukikwama darasani, inua mkono siku hiyohiyo.

Baba yako atakusindikiza hadi Morogoro. Blanketi zito liache. Huko si baridi kama Uyole.

Wasalaam,
Babu yako