Lumbesa, baba mdogo na hizi tuzo za waandishi

Najua nimepotea. UE zimekwisha, boom lilikwisha siku nyingi kabla ya UE, na jana jioni nimerudi hapa Iringa chuoni nikitokea nyumbani Ubaruku. Nina stori, kaeni.

Tunaosoma pamoja mnakumbuka muhula uliopita. Darasa zima lilikuwa EJAT, EJAT, zile tuzo za umahiri wa uandishi wa habari ambazo Baraza la Habari Tanzania na wenzake walianza kuzitoa mwaka 2009. Mtu hajachapwa gazetini hata aya moja, lakini suti ya kupokelea tuzo ameshaichagua! Na mimi nilikuwemo. Mwalimu alipotupa kazi ya makala ya uchunguzi, nikasema hapa hapa. Nikaandika kuhusu lumbesa.

Nilijaza kurasa sita. Sheria ya Vipimo nimeweka, gunia lisizidi kilo 100 nimeweka, afisa mmoja nimempigia simu kanijibu kwa ufasaha kabisa, na mwisho nikaiomba serikali ichukue hatua. Kiswahili kimenyooka, nukta na mikato mahali pake. Karatasi ikarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Gunia lenyewe liko wapi?"

Jamani, nilinuna siku mbili. Mimi mtoto wa Ubaruku, nimekulia kwenye majaruba ya Usangu, halafu naulizwa gunia liko wapi! Lakini usiku wa siku ya pili nikajikubali mwenyewe: lumbesa nimeziona tangu utotoni, na sijawahi kuipima hata moja.

Basi likizo ilipofika nikapanda basi. Baada ya Mafinga tukapita Nyololo. Huwa nasinzia kipande kile, safari hii sikusinzia. Hapo ndipo tarehe 2 Septemba 2012 Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa pia mwenyekiti wa waandishi wa mkoa wa Iringa, aliuawa na polisi akiwa kazini. Baadaye ikaanzishwa tuzo yenye jina lake. Nikawaza, sisi tunaongelea suti.

Ubaruku, kwa wasioijua, iko wilaya ya Mbarali, ukitokea Rujewa unaingia ndani, jirani na lile shamba kubwa la mpunga lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970. Msimu wa mavuno mji mzima unanukia pumba. Nilimkuta mama anauza. Gunia lake la kawaida ni debe saba. Gunia la mnunuzi, lile lililovaa kilemba juu hadi linashonwa kwa kamba, nililihesabu mwenyewe: debe kumi. Tukalibeba watu watatu mpaka kwenye mzani wa mashine ya kukoboa. Kilo 118. Bei? Ile ile ya gunia moja.

Mama aliuza magunia 12. Chukua kalamu uzidishe: debe 36 zimeondoka bure, yaani gunia tano na debe moja juu. Na mimi chuoni nalalamika boom limechelewa.

"Kwa nini unakubali, mama?" Akacheka. Hela ya mbolea na ya vibarua wa kupandikiza alikopa kwa dalali tangu mpunga haujachanua. Mwenye deni hachagui gunia. Hilo halikuwemo kwenye kurasa zangu sita, na yule afisa wa kwenye simu hakuligusa.

Sasa kasheshe. Dalali mwenyewe ni baba yangu mdogo.

Mama akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyo ndiye aliyekulipia nauli ya kwenda chuo." Sikulala vizuri.

Nilimkumbuka Vicky Ntetema. Alikuwa mkuu wa ofisi ya BBC hapa nchini, na mwaka 2008 alijifanya mtu anayetafuta utajiri akaingia kwa waganga, kuchunguza biashara ya viungo vya ndugu zetu wenye ualbino. Alitishiwa maisha. Mwaka 2010 akapewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri ya IWMF. Angeweza kukaa ofisini, akampigia kamanda wa polisi, akapata habari ya kutosha kujaza ukurasa. Alikwenda. Mimi nilikuwa naogopa kwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu!

Asubuhi nikaenda. Shikamoo, marahaba, chai ya rangi. Nikamwambia, baba mdogo, naandika habari ya lumbesa na wewe umo, sitaandika jina lako ila kazi yako nitaiandika. Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Andika. Lakini andika na bei ninayopewa mimi." Akanitolea daftari. Kumbe tajiri mwenye lori naye anamhesabia kwa gunia, hamhesabii kwa kilo, na akipeleka gunia bila kilemba linashushwa. Hakuomba msamaha wala sikumsamehe. Tulikwenda wote kupima gunia lingine.

Wadau, sijui kama hii makala itapata tuzo yoyote, labda hata A sitapata. Ila naona habari inayostahili kupewa tuzo inakuwa na kitu ambacho msomaji asingekipata bila mwandishi kutoka alipo: kilo, daftari, mtu anayeumia na mtu anayeumiza, kila mmoja na sababu zake. Na mara nyingi inamgharimu mwandishi kitu. Mimi imenigharimu usiku mmoja na aibu mbele ya mama. Wengine wamelipa kikubwa zaidi.

Jumatatu namrudishia mwalimu. Gunia limepatikana. Kinachonisumbua bado ni ile nauli... wewe ungeandika?