Kutoka Bugarama Hadi Kitabi na Tela Lisiloingiza Maji

Msafiri anayeshuka kutoka Kamembe kwenda Bugarama huuacha nyuma upepo wa baridi wa Ziwa Kivu, na kila kona ya barabara humfanya atamani kuvua nguo moja. Kamembe iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, bondeni mwa Mto Rusizi, karibu na mahali zinapokutana Rwanda, Burundi na Kongo, iko mita kama 1,000 tu. Huko chini kuna mashamba ya mpunga, kuna joto la kutoa jasho hata kivulini, na Kiswahili husikika sokoni kama lugha ya nyumbani. Mkoa wa Cyangugu ulivunjwa mwaka 2006 na sehemu hii ikawa wilaya ya Rusizi, lakini wazee bado husema Cyangugu, nami nitawafuata.

Bugarama inajulikana kwa saruji. Kiwanda cha CIMERWA, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1984, na tangu hapo malori yamekuwa yakipanda kutoka bondeni yakiwa na mifuko ya kilo hamsini hamsini. Milimani, karibu na Kamembe, kuna mashamba ya chai ya Shagasha, ambayo nayo huhitaji malori. Saruji na chai havifanani kwa lolote ila kwa jambo moja, kwamba vyote viwili huharibiwa na maji. Mfuko wa saruji uliolowa huwa jiwe, na hakuna fundi awezaye kulirudisha kuwa unga. Chai iliyolowa hushika ukungu, na mnunuzi huitambua kwa pua kabla hajaionja.

Nilifika huko mwishoni mwa Agosti, wakati kiangazi ambacho Wanyarwanda hukiita impeshyi kinapokaribia kwisha na mawingu ya Septemba yanaanza kujikusanya upande wa Kongo. Nilikuwa nimepata nafasi katika lori la mzee mmoja, dereva wa miaka mingi. Nilidhani tungeondoka alfajiri. Kumbe siku nzima ya kwanza tuliimaliza uwanjani, tela likiwa tupu, mzee akilichunguza kama daktari anavyomchunguza mgonjwa.

Tela lake ni la bodi la bati, lenye paa na milango miwili nyuma. Ilipofika saa sita mchana, jua likiwa utosini, alimwita utingo wake.

"Ingia, kijana, ukahesabu nyota."

Utingo aliingia na kipande cha chaki. Mzee akaisukuma milango ikafungika, lakini hakuitia komeo, naye akasimama palepale ameshika mpini. Alinieleza kwamba mtu hafungiwi ndani ya sanduku la bati wakati wa jua, hata kwa dakika tano. Tukasikia sauti kutoka ndani: "Moja, pembeni kulia. Ya pili, juu ya mlango." Kila penye tundu mwanga wa jua ulipenya kama nyota, na kila nyota ilizungushiwa chaki.

Nilipouliza kwa nini asingoje mvua imwonyeshe penye kasoro, mzee alicheka. Maji, alisema, ni mwongo. Huingia mbele, yakatambaa juu ya mbavu za paa, yakadondoka nyuma, na anayeziba panapodondoka hupoteza gundi yake bure. Basi baada ya nyota hufuata ndoo. Alimwaga maji nje ya bodi akianzia chini na kupanda kidogo kidogo, utingo akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji hulowesha kila mshono kwa pamoja na hujui ni upi wenye kosa. Ukianzia chini, mshono wa kwanza kutoa tone ndio huo.

Nyota ya juu ya mlango ilitokana na ribiti, yaani vile vipini vifupi vya chuma vinavyobana bati kwa bati. Ilikuwa imelegea. Si ajabu, maana barabara ya kona na milima hulipinda fremu la tela huku na huku siku nzima, na mishono hucheza. Ndiyo sababu tela lililozibwa vizuri mwaka jana haliwezi kuaminiwa mwaka huu. Mzee aliitoa ribiti, akatia nyingine, kisha akashughulikia mshono. Hapa ndipo nilipoona wengi tunapokosea, hata kwenye mapaa ya nyumba zetu. Sisi hupaka lami au silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Yeye aliikwangua yote ya zamani, akaisugua kutu kwa brashi ya waya, akafuta vumbi, akangoja bati likauke kabisa, ndipo akapaka. Gundi iliyopakwa juu ya kutu hushika kutu, wala haishiki bati. Kutu ikibanduka, nayo huenda nayo.

Mipira ya milango aliifuta kwa maji ya sabuni. Utingo alitaka kuitia grisi ili iwe laini, akakemewa, kwani mafuta ya mashine huulainisha mpira leo na kuuozesha baadaye. Mwisho alifungua daftari la shule lenye jalada lililochakaa, akaandika tarehe na alichokifanya. Kurasa zilizotangulia zilikuwa na tarehe za kila mwezi, na katika miezi ya mvua za masika, kila majuma mawili.

Tabia hiyo ina asili yake, nayo alinisimulia jioni tukila ugali na sambaza. Miaka kadhaa nyuma aliona ribiti moja imelegea akiwa Butare, mji ambao siku hizi huitwa Huye. Akasema kesho. Siku ya nne alikuwa Nyungwe na tela limejaa saruji, mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi mifuko thelathini na minane ilikuwa mawe. Mwenye mzigo alimkata mshahara kwa miezi mingi. Binti yake, aliyekuwa ameitwa kidato cha kwanza, alikaa nyumbani mwaka mzima. "Alinipokea mlangoni kila niliporudi safari," mzee alisema, "na hakuniuliza kitu." Kisha akasogeza sahani, akaenda kulala kitandani mwake, yaani nyuma ya kiti cha lori.

Kesho yake tulipakia. Kabla ya mifuko, zilitangulia chaga za mbao sakafuni, na mzee alizipiga moja moja kwa kidole akisikiliza. Mbili zilikuwa na unyevu, akazirudisha juani. Sababu yake niliielewa tulipoanza kupanda. Hewa ya Bugarama ni ya joto na imejaa mvuke. Ukiifungia ndani ya bati na kuipandisha mpaka msitu wa Nyungwe, ambako barabara hufikia karibu mita 2,500, bati hupoa na mvuke hugeuka matone upande wa ndani. Madereva huliita jasho la bati. Wengi hudhani tela linavuja, wakaziba paa lisilo na tundu. Dawa yake ni chaga kavu, nafasi ya hewa kati ya mzigo na paa, na turubai jembamba juu ya mifuko.

Nyungwe ilitupokea kwa mvua. Msitu huo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwanzoni mwa karne hii na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, ndio unaogawa maji ya mto Kongo na ya Nile: tone likianguka upande huu huenda Rusizi na Tanganyika, likianguka upande ule huishia Misri. Sikuweza kulifurahia jambo hilo kama ilivyostahili. Masikio yangu yalikuwa nyuma, kwenye tela.

Uwinka tulisimama kupoza breki. Hapo palikuwa na gari la watalii lenye hema la kukunjwa juu ya paa, na mama mmoja akikamua godoro. Mzee alimsalimu, akaenda moja kwa moja kwenye mkunjo wa hema. Lilikuwa limefungwa likiwa bichi siku tatu zilizopita. Ukungu mweusi ulikwisha kula uzi wa mshono. Askari aliyewahi kulala porini anajua kwamba hema likilazimika kukunjwa limelowa, hufunguliwa mara jua linapotoka, hata kama ni kwa saa moja.

Giza lilitukuta Kitabi, ng'ambo ya msitu. Utingo alifungua milango, mzee akapanda na tochi, akapitisha kiganja chini ya paa kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye pembe moja palikuwa na jasho kidogo. Juu ya mlango pakavu. Akauliza tarehe, akaitafuta kalamu yake mfukoni, akaandika.