Kushuka Chitete kwa Gari la Dizeli

Gari la kununua halikaguliwi kivulini. Hayo niliyaona mwezi Juni, niliposhuka kutoka Tunduma kwenda Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Chitete ninayoisema ni hiyo ya Momba, si ile ya Ileje.

Shemeji zangu watatu walikuwa wamechanga fedha za ufuta na mpunga za misimu miwili ili wanunue gari la jamaa. Mama yao ni mzee, nyonga inamwuma, na mara kwa mara hana budi kupanda Tunduma kutibiwa. Bodaboda haiwezi tena. Mtu mmoja pale mjini alikuwa na Toyota HiAce ya dizeli, ambayo wengi wetu huiita Haisi, iliyokwisha tumika Japani. Shemeji mkubwa akaniambia, "Shemeji, wewe umeendesha magari miaka mingi. Tuangalizie. Fedha hizi zikipotea, hatuna nyingine."

Mwenye gari alikubali tulijaribu siku moja, mwanawe akiwa dereva. Nilifika alfajiri makusudi, maana injini ya dizeli hupimwa ikiwa baridi, na Juni baridi ya Tunduma si ya mchezo. Injini hiyo haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Huibana hewa mara 20 hivi mpaka iwe moto, kisha dizeli ikinyunyizwa huwaka yenyewe. Ndivyo alivyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeonyesha injini yake mwaka 1897. Ikichoka, haibani vema, na asubuhi hugoma. Hii iliwaka mara ya pili, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikatulia.

Tukaliacha foleni la malori ya Zambia na Kongo, tukashika lami ya Sumbawanga, ile iliyojengwa kwa msaada wa Marekani. Hapo gari lilikwenda kama mtu aliyeshiba. Viti vipana, kichwa hakigusi paa, watoto wakalala. Nikasema moyoni, kama barabara zote zingekuwa hivi, kazi yangu ingekwisha.

Lakini tulipoiacha lami na kuanza kushuka bondeni, mambo yalibadilika. Baridi ilibaki juu, joto likatupokea. Kijana alitoa gia ili kubana mafuta, gari likateremka kwa breki tupu. Punde tukasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia, "Mwanangu, simama." Tukangoja breki zipoe, kisha nikamwonyesha: mlima shuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Injini nayo ni breki.

Chitete tulipokewa kwa wali na kuku. Baada ya chakula tukampandisha mama, maana yeye ndiye mwenye gari hasa. Vijana wakamweka nyuma kabisa, wakidhani kuna nafasi zaidi. Hatukufika mbali, akasema, "Wanangu, mnanivunja." Gari la namna hii nyuma lina springi za vyuma bapa vilivyopangwa, zilizofanywa kwa ajili ya mizigo, likiwa tupu hurusha. Mbele nako injini iko chini ya viti, joto hupanda. Tukamhamishia safu ya katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Akanyamaza, kisha akasema, "Hapa nitafika."

Kurudi tulikuwa watu wanane na magunia matatu ya mchele. Injini ilipanda bila kulalamika. Hiyo ndiyo sifa ya dizeli, nguvu katika mwendo wa taratibu. Lakini mshale wa joto ulianza kusogea. Tukasimama, tukaiacha injini ipoe kabla ya kufungua rejeta. Maji yalikuwa yamepungua: mpira mmoja umeoza, unavuja. Kosa si la watengenezaji, ni la aliyelitumia asilitazame. Laiti tungelizunguka nalo Tunduma tu, tusingejua, na injini ingekufa mikononi mwa shemeji zangu.

Shauri langu lilikuwa hili: nunueni, lakini bei ipunguzwe kwa gharama ya mipira yote ya maji na mkanda wa taimingi, kwa kuwa tarehe ya kubadilishwa kwake hakuna aijuaye. Dizeli msinunue ya madumu ya njiani, kwa sababu maji na uchafu huua pampu. Tena abiria wasizidi viti.

Mwenye gari alinung'unika, akakubali. Shemeji mdogo alitaka litafute fedha kwa kubeba abiria kila siku. Mkubwa akamjibu, "Siku ya mama ya hospitali, gari halina safari nyingine." Nami naona hapo ndipo alipopatia bei ya gari lile.