Kuni zetu zilale wapi wakati wa mvua?



Toka mvua ianze, kwenye matanuri yetu hapa Kalemie neno linalorudi kila asubuhi ni moja: kuni zimelowa. Na samaki hawangoji. Mitumbwi ikifika alfajiri na mikebuka, sisi tuliokopa pesa ya kuwanunua lazima tuwashe moto siku ile ile, kuni ziwe kavu ama mbichi. Ndagala nao, ambao kiangazi tunawaanika mchangani bila gharama, siku za mawingu wanaoza tukiwatazama, basi hata hao tunawapeleka kwenye moshi. Kwa hiyo mvua inatuomba kuni nyingi zaidi wakati ule ule inapoziharibu.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Ukiutia tanurini, moto unachemsha kwanza maji hayo, samaki baadaye. Moshi unakuwa mzito na mchungu. Samaki anapata rangi upesi kwa nje, na ndani anabaki mbichi. Wanunuzi wanaopeleka Manono na Lubumbashi wameshatuzoea: wanavunja mmoja mgongoni, wakiona unyevu kwenye mfupa wanashusha bei au wanaenda kwa mwingine. Akinunuliwa hivyo hivyo, baada ya siku chache anaota ukungu kwenye kikapu, na deni linabaki kwetu, si kwa mvuvi. Tusisahau pia watoto tunaowabeba mgongoni tukichochea. Wanavuta moshi ule ule.

Wengine wanadhani kuni ikishakauka mara moja, imekauka. Sivyo. Mti unavuta unyevu kutoka hewani hata kama tone la mvua halijaugusa, na sisi tunakaa kando ya ziwa ambako usiku hewa yenyewe ni maji. Tulijaribu kwa mizani ya soko. Kipande cha mwembe cha kilo 3, kilichoonekana kikavu kabisa kwa macho, tulikiweka siku nne juu ya ukuta wa tanuri, mahali penye joto bila cheche. Kiliporudi kwenye mizani kilikuwa kilo 2 na nusu. Nusu kilo ya maji tulikuwa tumeinunua kwa bei ya kuni!

Toka siku ile, kuni za kesho zinalala juu ya ukuta wa tanuri la leo. Lakini mtu akae macho. Joto la tanuri si mchezo, na kuni zikigusa mdomo wa moto usiku, tutaamka hatuna hata paa.

Kuni za wiki nyingi zinataka kibanda. Cha kwetu tumekiinua juu ya matofali mpaka usawa wa goti, maana ziwa lilipopanda mwaka 2024 na maji kuingia mitaani, kila mtu aliona kilichowapata waliokuwa wamelaza vitu chini. Kuni zipasuliwe kabla ya kupangwa. Gogo zima lenye ganda linaweza kukaa miezi na ndani bado ni bichi, ila likipasuliwa unene wa kifundo cha mkono, maji yanapata njia ya kutoka. Zipangwe zikiachana kidogo, upepo wa ziwa upite katikati. Bashi iwekwe juu tu, kama kofia. Mama anayefunika pande zote mpaka chini kwa kuogopa mvua anafungia maji ndani: asubuhi bashi inatoka jasho na kuni zinanuka uvundo. Kuni yenye ukungu hatuitii tanurini kabisa, tunaipeleka kuchemshia maji ya kufua. Kwenye miguu ya kibanda tunamwaga majivu kwa ajili ya mchwa, na kabla ya kuingiza mkono tunagonga kwa fimbo. Nyoka naye anapenda pakavu.

Ukitaka kujua kama kuni imeiva, gonganisha vipande viwili. Kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inajibu kama ndizi.

Kuhusu unga wa mbao tunaochukua kwa mafundi seremala kwa ajili ya kutuliza moto na kuongeza moshi, huo ni mgumu zaidi kuutunza, kwa sababu unakunywa unyevu kama sponji. Mfuko wa kufumwa hautoshi. Uanikwe juani, kisha uingie kwenye pipa au ndoo yenye kifuniko cha kubana. Na tuulize umetoka wapi: unga wa tripleksi, wa mbao zenye rangi, gundi au dawa ya mchwa usikaribie chakula cha watu. Muuzaji mmoja alitupitia na peleti, ule unga wa mbao ulioshindiliwa kwa mashine kuwa vipande vidogo kama punje. Ni kitu kizuri, kinawaka sawasawa. Ila tulitia chache kwenye kikombe cha maji mbele yake, na kabla hajamaliza maneno zilikuwa uji. Kwa hewa yetu, asiye na mapipa ya kufunga vizuri asizinunue bado.

Linabaki neno la pesa, na hapo hatujapatana. Kuni nzuri na za bei ya chini zinapatikana mwezi wa sita na wa saba, njia zikiwa kavu. Zikipasuliwa wakati huo, zinakuwa tayari kabla ya mvua. Lakini miezi hiyo ndiyo tunakusanya minervali, sare na madaftari ya kurudi shuleni, na hakuna mama atakayeweka gogo mbele ya mtoto wake. Kuna waliopendekeza kwamba kuanzia mwezi wa sita likelemba ya Jumamosi iwe na vikapu viwili: franka zibaki za shule kama kawaida, na kila mama alete pia fungu moja la kuni kwa kibanda cha wote. Wenye matanuri mawili wanasema hesabu hiyo haiwatoshi, na wana haki. Wajane wawili wanaobanika kidogo wanasema kwao fungu la kila wiki ni zito, nao wana haki.

Jumamosi tutalimaliza. Mizani itakuwepo, na mwenye bashi isiyotoboka aje nayo, upande wa kaskazini wa kibanda unavuja.