Nani Atamfunza Mwalimu wa Walimu?

Mkaguzi wa shule kila mtu kijijini amjua. Huja na daftari lake, huhesabu watoto, hutazama maandalio ya masomo, huandika, kisha hurudi zake. Kazi yake ni ya lazima, wala sina neno juu yake. Lakini yuko mtu mwingine ambaye wazazi wengi hawajamtambua bado, naye ni yule aendaye shule kwa shule, si kwa kuhukumu, bali kukaa na mwalimu, kumtazama akifundisha, na baadaye kuzungumza naye jinsi somo lilivyokwenda na jinsi liwezavyo kwenda vizuri zaidi. Hapa Tanzania, katika mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, wafanyao kazi ya namna hii huitwa wawezeshaji. Mimi napenda zaidi kusema mwalimu mlezi, maana jina lile ni zito mdomoni, tena halina upole ndani yake.

Mwaka jana nilialikwa pamoja na walimu wenzangu wanne kutengeneza mpango wa kuwafunza walimu walezi 28. Tuliikuta rasimu mezani tayari: siku 10 mfululizo mjini, ukumbini, mhadhara asubuhi na mhadhara alasiri, na mwisho cheti. Niliisoma mara mbili. Katika siku zote 10 hapakuwa na saa hata moja ya kuingia darasani penye watoto. Nikasema ya kuwa mtu hafundishwi kuogelea kwa kuonyeshwa picha ya ziwa. Mwenzangu mmoja akanijibu, wala si kwa ubaya, ya kwamba walimu wale 28 ni walimu hodari wote, wamefundisha miaka mingi, hawana haja ya kuonyeshwa darasa.

Hapo ndipo penye shina la jambo lenyewe. Kufundisha watoto ni kazi moja. Kumsaidia mtu mzima aliye mwalimu kama wewe ni kazi nyingine. Nimeona mafundi cherehani hodari sana ambao vijana wao hukaa miaka mitatu wasijue kukata suruali, kwa sababu fundi kila akiona kosa huichukua nguo na kuitengeneza mwenyewe.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola 1,000,000 kusaidia shule ndogo za watu weusi mashambani katika majimbo ya kusini ya Marekani. Mwaka 1908 mwalimu mweusi, Virginia Randolph, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa zamani, aliteuliwa katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, kuwa wa kwanza kuzizungukia shule kwa msaada wa fedha hizo. Alipewa shule 23. Hakuwa na kitabu cha kumfundisha kazi. Alikwenda, akatazama kila shule ina haja gani, akaanzia hapo. Na taarifa yake ya mwaka wa kwanza ikatumwa kwa wengine huko kusini iwe kielelezo.

Wazo hilo likavuka bahari. Wajumbe wa Phelps-Stokes walipita Afrika ya Mashariki mwaka 1924, na mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi. Waliochukuliwa walikuwa walimu waliokwisha kufanya kazi katika shule za misheni, nao walikwenda na wake zao, na wake wakafundishwa pia. Walikaa miaka miwili, kila jamaa katika nyumba yake, wakiishi kwa namna ile ile ambayo wangeifundisha vijijini. Kisha walirudi makwao, kila mmoja akakabidhiwa shule za vijiji azitembelee na kuzisaidia. Shule hiyo haipo tena. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha kuwafundisha watumishi wa serikali. Sisemi kila jambo la Kabete lilikuwa jema, maana wakoloni walikuwa na makusudi yao juu ya elimu ya Mwafrika. Lakini hesabuni, ndugu zangu: wao miaka miwili, sisi siku 10.

Hata katika siku zetu ushahidi uko. Tangu mwaka 2015, katika jimbo la North West huko Afrika ya Kusini, wataalamu walizilinganisha shule ambazo watoto hujifunza kusoma kwa Kitswana. Shule 50 walimu wake waliitwa mahali pamoja kufundishwa. Shule nyingine 50 walimu wake walitembelewa madarasani na walezi. Vitabu vilikuwa vile vile na maandalio yale yale. Baada ya miaka miwili, faida waliyoipata watoto wa walimu waliotembelewa ilikuwa kama maradufu ya ile ya wenzao. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walikusanya chunguzi 60 juu ya kazi hii, wakaona inafaa kweli. Lakini wakaona pia ya kwamba mpango ukiwa mkubwa, wenye walimu wengi, manufaa yake hupungua. Mimi sistaajabu. Walezi wema si wengi, na wakihitajiwa kwa haraka hufunzwa kwa haraka.

Basi mwalimu mlezi afunzwe nini? Kwanza macho. Wengi wetu tuketipo nyuma ya darasa humtazama mwalimu: sauti yake, mwandiko wake, mavazi yake. Yafaa tuwatazame watoto. Katika shule moja niliyofundisha, mlezi mmoja aliketi kimya muda wote wa somo la kusoma, akichora alama ndogo katika karatasi. Baadaye alimwuliza mwalimu, mama mtu mzima, “Mwalimu, kwa makadirio yako, ni watoto wangapi leo wamesoma kwa midomo yao wenyewe?” Akajibu, labda nusu. Mlezi akampa ile karatasi bila neno. Alikuwa amechora madawati yote. Darasa lilikuwa na watoto 62. Waliosoma walikuwa 9, nao wote waliketi mbele upande wa dirishani. Yule mama aliitazama karatasi kitambo kirefu, akasema, “Kesho nitaanzia nyuma.” Hakuna aliyemwambia aanzie nyuma.

Pili ulimi, na hapa ndipo palipotuchukulia muda mwingi kuliko pengine pote. Katika shule hiyo hiyo, miaka kadhaa kabla, alikuja mtu mwingine kwa kazi hiyo hiyo. Mwalimu kijana alikuwa akifundisha tofauti ya sauti katika ngoma na ng’ombe, akateleza kidogo ubaoni. Yule mgeni akainuka, akamnyang’anya chaki, akafuta, akaandika mwenyewe, na watoto wakacheka. Muhula wote uliobaki darasa lile halikumsikiliza tena yule kijana. Naye akajitengenezea somo moja zuri sana, ambalo sisi tulilijua kwa jina la “somo la wageni”. Kila alipoingia mgeni alilifundisha hilo, na watoto wakajibu kama kasuku, maana walikwisha kulikariri. Huyo mgeni aliandika ya kwamba mwalimu ameendelea. Wanaopotea katika mambo ya namna hii ni watoto, ambao hufika darasa la tatu hawawezi kusoma, na wazazi wao hawajui ni kwa nini.

Tena iko shida ya adabu yetu. Mlezi aweza kuwa kijana wa miaka 30, na mwalimu ni mzee aliyemfundisha babaye. Atamwamkia shikamoo, na baada ya shikamoo atamkosoaje? Hii haimo katika vitabu vya Wazungu. Tulijaribu kuigiza jambo hili mmoja mmoja mbele ya wenzetu, na tuliofaulu ni wale walioanza kwa kuuliza na kungoja jibu. Kungoja ni kugumu kuliko kuuliza. Mwenzangu mmoja nilimhesabia: hakuweza kunyamaza hata kwa muda wa pumzi tatu.

Tatu, mlezi naye atazamwe. Kinyozi hajinyoi. Ndiyo maana nilishikilia ya kuwa siku zile 10 zigawanywe: siku 4 mwanzoni, na asubuhi ya kila siku tuwe katika shule ya jirani, mmoja akifundisha, wa pili akimtazama, kisha wazungumze wawili, na wa tatu asikilize mazungumzo yao na kuyasema. Siku 6 zilizobaki zitawanywe mwaka mzima, tukutane shuleni, kila mtu akileta mazungumzo yaliyomshinda. Hapo katikati, mmoja wetu afuatane na kila mlezi mara mbili. Tulibishana siku mbili. Wengine waliona posho itapungua, na si haki kuwacheka, maana mshahara wa mwalimu twaujua. Mwishowe mpango ulikubaliwa, isipokuwa cheti kilibaki pale pale mwisho wa siku ya nne, jambo nisilolipenda.

Kilichobaki ni nauli. Huko Kenya, mpango wa Tusome ulipoenea nchi nzima mwaka 2015, maofisa waliozungukia shule walipewa kompyuta ndogo za mkononi za kuandikia walichokiona darasani, na fedha za safari zikafuata ziara zilizoandikwa humo. Sisi fedha zetu zilipangiwa chakula cha ukumbini, wala si bodaboda. Tumeomba kifungu kibadilishwe, na jibu twalingoja. Tangu mvua zilipoanza, shule tatu za ng’ambo ya mto hazijafikiwa na mlezi yeyote.